Hajulikani

Saa saba za usiku, Mabela. Kiyoyozi kinakoroma
kama mgeni aliyekula bokoboko sahani mbili.
Nimebakiwa na kurasa mia na nne.

Ukurasa wa kwanza: mwaka hamna, mtunzi hamna,
urefu wa wimbo umeandikwa "mrefu".
Aliyeandika hivyo ni mie, miaka tisa nyuma,
nilipokuwa na haraka, na mchumba.
Leo nina miwani na saa ya kuhesabia.
Dakika kumi na moja, sekunde arubaini na mbili,
pamoja na kikohozi.

Ghania. Ghaniya. Ghanyia.
Tulimgawa mtu mmoja wanawake watatu
wakaimba kwa koo moja.
Nikawaunganisha. Mashine ikauliza: Una hakika?
Kitendo hiki hakirudi nyuma.
Nikacheka peke yangu. Kipi kinachorudi?

Kanda zilinijia ndani ya mifuko ya maduka ya nguo,
zimefungwa raba, zimefungwa vipande vya leso,
saba zilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga
na mchanga wa Bidiya umeingia mpaka kwenye sponji.
Nazirudisha kwa penseli, mzunguko kwa mzunguko.
Kidole kimeota sugu.
Mwanangu Azzan huniuliza kwa Kiarabu
nani ananilipa. Namjibu kwa Kiswahili,
kwa makusudi, apotelee kwenye maneno
alisahau swali.

Halafu kanda namba mia mbili na kumi na mbili.
Harusi, Ruwi, juu ya dari.
Fidla imelegea uzi mmoja na haijali.
Lori linapiga honi chini. Mtu anaomba maji,
anaomba tena.
Nyuma ya waitikiaji kuna mwanamke
ambaye hasogei mbele hata hatua,
na wimbo mzima umemwegemea
kama nyumba ilivyoegemea ukuta wa uani,
ule ambao hakuna anayeupaka rangi.

Mwimbaji: hajulikani.

Nikampigia Bi Shawana, Nizwa.
Umri umemwibia usingizi, nilijua yu macho.
Nikaweka simu karibu na spika.
Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.
"Rudisha," akasema. "Hapo anapovuta pumzi."
Nikarudisha.
"Tena."
Nikarudisha.

Akanitajia jina. Jina, la baba, la babu,
na mtaa waliotoka kule Unguja, na mlango wa rangi gani.
Alikuwa akidarizi kofia kwa kuuza.
Usiku ule mwimbaji wao alishikwa na homa,
wakamsukuma yeye, naye akakubali kwa sharti.
"Mumewe?" nikauliza.
"Mume gani! Yeye mwenyewe.
Alisema: sauti nimekupeni, jina nibakishieni."

Basi nikakaa.
Kanuni iko wazi, na niliitunga mie,
kwa herufi nene:
ukurasa usio na jina haupandi daraja.

Nikaandika dari. Nikaandika Ruwi,
mwaka, mpiga fidla, mtu aliyeomba maji
(alipewa; inasikika bilauri ikigonga kigae).
Nikaandika honi ya lori, dakika ya nne.
Nikaandika kofia, lakini kofia nikaifuta,
kwani kwa kofia tu wajukuu wangemjua.

Nikarudi kwenye kile kisanduku.
Jina lilikuwa kwenye vidole vyangu, lina joto,
kama mkate ulioaminiwa nao upeleke kwa jirani
nawe njiani una njaa.

Nikatoa ile *ha* ya mwanzo. Nikageuza *i* ya mwisho.
Anajulikana.

Mashine ikaweka alama yake nyekundu:
Ukurasa haujakamilika.
Nikaiacha iwake.

Mia na tatu.
Nikaipapasa penseli gizani, chini ya meza.